Silikoni Nyekundu ya Fundi Johnstone

Johnstone Obonyo alikuwa bingwa wa kujicheka. Ukienda gereji kwake, nyuma ya Barabara ya Uganda karibu na mto Sosiani, kabla hujamaliza kueleza shida ya gari lako alikuwa ameshakusimulia shida zake mwenyewe. Alikusimulia jinsi alivyotoka Ugunja kuja Eldoret na shati moja na bisibisi moja, na jinsi bisibisi ilivyofanya kazi yote naye akachukua sifa. Alikusimulia siku alipofunga gurudumu la gari la pasta akasahau kukaza nati, na pasta akiwa njiani kwenda Cheptiret akaona gurudumu likimpita, akalishangaa, akidhani ni la mtu mwingine. Hapo Johnstone alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mteja naye alicheka, ingawa baadaye, akirudi nyumbani, aliteremka mara mbili kukagua nati.

Jina lake la mtaani lilikuwa Fundi Sikio. Mungu alimjalia masikio mapana, naye aliyatumia. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini inayonguruma, akaweka mpini sikioni, akafumba macho, na baada ya muda akatangaza ugonjwa. Vipimo hakuvitaka. Geji ya kupima presha ya oili aliiita fimbo ya kipofu. Mkewe, Emmaculate, alikuwa na maoni yake kuhusu masikio hayo. "Yanasikia beringi ikilia huko mji wa Turbo," alisema, "lakini mimi nikimwita kutoka jikoni akuje abebe maji, hayasikii."

Kitu cha pili alichojivunia kilikuwa silikoni, ule ulimbo wa kwenye mrija unaopakwa katikati ya vyuma viwili ili oili isivuje. Mafundi wengine walitumia ya kijivu, kidogo kidogo, kwa ubahili. Johnstone alitumia nyekundu, tena kwa ukarimu, kama mama anayempaka mtoto mafuta siku ya kubatizwa. "Injini yangu haitoi jasho," alisema. Ukiona gari Eldoret lenye mstari mwekundu chini ya injini, ulijua limepita mikononi mwake.

Basi mtu huyu aliyejicheka kwa kila jambo alikuwa na hadithi moja ambayo hakuichekea. Aliisimulia akiwa amesimama wima, kifua mbele, kwa sauti ya mhubiri. Ilikuwa hadithi ya Januari ya mwaka wa elfu mbili na nane.

Yeye alivyoisimulia, ilikwenda hivi. Vita vilipozuka baada ya kura, rafiki yake Githinji, muuza spea, alijificha na mkewe Njambi na watoto wao wawili katika ghala la mahindi la Mzee Kigen, huko kijiji cha Ziwa. Kabila lao ndilo lililokuwa likitafutwa. Siku ya tatu Mzee Kigen, mzaliwa wa huko huko, mfugaji na mzee wa kanisa, aliwalaza kwenye pikapu yake, Pijo 504 ya zamani, akawafunika kwa majani ya napia, akashika njia ya mjini kuwapeleka kituo cha polisi. Johnstone aliketi mbele pamoja naye. Njiani wakakuta vijana wamefunga barabara kwa magogo, nao wakataka kuchokora majani. Hapo ndipo Johnstone, kwa akili ya haraka aliyopewa na Mungu, alipoanzisha ubishi mkubwa kuhusu injini. Vijana wote wakavutwa mbele ya gari, boneti ikafunguliwa, wakabishana, na hakuna aliyekumbuka majani tena. Watu wanne wakaokoka.

Hadithi hiyo ilimfikisha mbali. Aliisimulia kanisani, kisha kwenye mikutano ya amani ya mashirika, ile yenye mahema meupe na soda. Kila mwaka aliitia chumvi kidogo. Mwaka wa kwanza vijana walikuwa kumi. Kufikia mwaka wa nne walikuwa arobaini, na mmoja alikuwa ameshapanda juu ya gari. Alipewa cheti cha Balozi wa Amani, akakitia fremu na kukitundika gereji juu ya mashine ya kujaza upepo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma hii Johnstone aliivuta mpaka ikakaribia kupasuka.

Ukweli aliujua yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani.

Ukweli ulianza Desemba, kabla ya kura. Mzee Kigen alikuwa amemletea ile Pijo aifungue injini yote na kuifunga upya. Alipofika kwenye sampu, lile beseni la chini linamokaa oili, Johnstone alipaka silikoni nyekundu mrija mzima na nusu ya mrija wa pili. Mzee akaenda zake akifurahi. Wiki mbili baadaye taa ya oili ikaanza kuwaka kwenye dashibodi: ile taa nyekundu ndogo inayokuambia kwamba presha ya oili imeshuka na vyuma vinasagana vikavu. Mzee akapiga simu. Jumamosi, siku mbili baada ya kura, matokeo yakiwa hayajatangazwa na watu wakiwa roho juu, Johnstone akaenda Ziwa.

Akaweka bisibisi, akaweka sikio. Hakusikia kitu. Majirani wanane walikuwa wamekuja kumtazama Fundi Sikio akitenda miujiza, jua lilikuwa linashuka, na magari ya kurudi mjini yalikuwa ya kuhesabika. Geji hakuwa nayo, maana geji ni ya vipofu. Basi akajikunja chini ya dashibodi kama mtu anayetafuta jambo la maana, akashika koleo, akakata waya wa taa. Taa ikazimika.

"Ilikuwa waya tu, Mzee," alisema akijipangusa mikono. "Imepona."

Majirani wakapiga makofi.

Jioni ile hakupata gari la kurudi. Kesho yake matokeo yakatangazwa, na kabla ya giza moshi ulikuwa unaonekana pande tatu. Kwa hiyo siku ya tatu, Githinji na familia yake walipolala chini ya majani na Mzee akawasha injini, kulikuwa na mtu mmoja tu ndani ya gari lile aliyejua kwamba ni gonjwa. Alitaka kusema. Alifungua mdomo mara mbili, akaufunga mara mbili. Gari lingine halikuwepo, na maneno yenyewe hayakutoka. "Twende polepole, Mzee," alisema tu. "Injini bado ni mpya." Njia nzima aliomba kwa moyo wote, na Mungu amsamehe, hakuomba kuhusu mishale. Aliomba kuhusu beringi.

Walipofika kwenye magogo, kijana mmoja mwenye kofia ya sufu na upinde begani alikuja dirishani. Hakuangalia majani. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Mzee, hii gari inakufa," akasema. "Si unaskia hiyo tapeti inagonga? Oili haipandi juu."

Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Angesema, umenena kijana wangu, ndiyo maana tunaikimbiza gereji, tupishe. Johnstone alihisi damu ikimpanda kichwani. Miaka kumi na minane ya ufundi, halafu afundishwe kazi na mtu mwenye upinde!

"Wewe unajua nini juu ya injini?" akafoka. "Hii nimefunga mimi, kwa hii mikono yangu!"

"Basi ulifunga vibaya."

Akashuka garini. Tuelewane vizuri hapo: barabara imefungwa, nyuma yake watu wanne wamelala chini ya majani wakibana pumzi, naye akashuka garini kwa sababu ameambiwa kwamba amefunga injini vibaya. Akafungua boneti mwenyewe. Vijana wengine wakasogea kuona, maana ubishi wa injini humvuta mwanamume hata akiwa na kazi nyingine mbaya ya kufanya.

"Zima engine," kijana wa kofia akasema. "Sasa washa ufunguo peke yake, usistati. Mnaona? Taa ya oili haijawaka. Kwa gari nzima lazima iwake kwanza, ndio izime engine ikishika. Hapa mtu amekata waya."

"Hii ni ya Ufaransa," Johnstone akasema. "Taa zao ziko tofauti."

"Wacha uongo. Babangu ameendesha trekta miaka ishirini."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu! Hiyo oili iko sawa!"

Waliendelea hivyo mpaka kiongozi wa vijana akachoka. Akasema mafundi wote ni wazimu, waondoe hiyo takataka barabarani. Mzee Kigen, aliyekuwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika Biblia, akageuza ufunguo. Betri ikakataa. Ikabidi vijana sita waweke mikono kwenye ubao wa nyuma, karibu na kichwa cha Njambi kuliko mimi nilivyo karibu nawe, wakalisukuma gari hadi likashika. Johnstone akalirukia likitembea. Nyuma yao kijana wa kofia alikuwa akipaza sauti: "Badilisha fundi, Mzee!"

Kijana yule alikuwa amekosea kila kitu siku ile isipokuwa injini.

Ndani ya uwanja wa polisi, Githinji na watoto wakitolewa majani nyweleni, Mzee Kigen alimshika Johnstone mabega. "Mungu alikupa akili ya nyoka," akasema. "Ulijua kuwavuta mbele." Johnstone alikuwa bado anatetemeka, na si kwa hofu, kwa hasira ya kuambiwa amefunga vibaya. Akamtazama Mzee, akaelewa ni zawadi gani anayopewa, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ilibidi, Mzee," akasema.

Miaka mitano ikapita. Githinji na wake walikaa miezi kwenye mahema uwanja wa maonyesho, kisha wakapanga nyumba mjini, na duka la spea likafunguliwa upya. Kila mara Mzee Kigen alipopiga simu kutaka gari likaguliwe, Johnstone alijitia hamnazo: leo ana kazi nyingi, kesho ana mazishi. Mzee akawa anabadilisha oili mwenyewe.

Halafu ikaja Februari ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, wiki mbili kabla ya kura nyingine, na Pijo ikaingia gereji ikigonga kama mtu anayetwanga mahindi. Mzee Kigen akashuka, kofia mkononi.

"Umenikimbia miaka tano, Fundi," akasema. "Leo nimekuja mwenyewe."

"Kazi nyingi, Mzee."

"Hii gari nimeendesha polepole vile uliniambia. Inapeleka maziwa na kurudi, basi. Sasa nataka ikimbie. Njambi amefunga mizigo. Anataka kupeleka watoto kwa dadake Nyeri mpaka kura iishe, Githinji hataki, na kila siku ni kugombana. Mimi nimewaambia wakae, gari iko. Kukiwa na kitu, nitakuja kuwachukua mwenyewe kama siku ile." Akapiga boneti kwa kiganja. "Kwa hivyo itengeneze kama ile ya kwanza."

Safari hii gari likifa njiani, hakuna ubishi ambao ungemwokoa mtu. Wale watoto walikuwa wameshakuwa warefu. Majani ya napia yasingewatosha tena.

Akachukua bisibisi kwa mazoea, akaweka sikio. Alisikia kugonga, lakini mahali penyewe hakupata. Sikio la kushoto lilikuwa limeanza kufa tangu mwaka uliotangulia na la kulia lilikuwa linalifuata. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu, hata Emmaculate, ambaye alilijua siku nyingi kutoka jikoni. Akasimama kwa muda akiwa ameshika bisibisi ile ya kutoka Ugunja. Kisha akaiweka chini, akavuka barabara hadi duka la Githinji.

"Nipe geji ya presha ya oili."

Githinji akavua miwani. "Ya nani?"

"Yangu."

"Johnstone," Githinji akasema, "Emmaculate anajua uko mgonjwa?"

Alirudi na geji ameificha ndani ya koti, kama mlevi wa kanisani na chupa yake. Kwanza akavuta kijiti cha kupimia: oili ilikuwa ya kutosha, nzito, si ya kulaumiwa. Akafungua swichi ya oili ubavuni mwa injini, mahali pake akafunga geji, akawasha. Sindano ikapanda hadi hamsini. Mzee Kigen, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha gari lililokufa zamani akinywa chai, akatabasamu. Johnstone akakanyaga mafuta. Sindano, ambayo ilipaswa kusimama imara, ikashuka. Arobaini. Ishirini. Kumi. Akaachilia, akangoja; ikapanda tena taratibu. Akarudia, ikafanya vile vile.

Alijua maana yake, na alitamani asingejua. Injini iliyochoka beringi huwa na presha ndogo ikipumzika, kisha presha hupanda ikikimbia. Hii ilikuwa inakatika ikikimbia. Pampu ilikuwa inavuta na haipati, kama mtoto anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa. Kitu kilikuwa kimeziba koo, kwenye kichujio kilichozama ndani ya sampu. Gari likipumzika kitu hicho kilianguka chini. Likikimbia kilivutwa tena na kuziba.

Akamwaga oili, akainua injini kidogo kwa mnyororo, akalala chali chini ya gari na kuishusha sampu. Kichujio kilikuwa kimevaa kofia. Ilikuwa kofia nyekundu, laini, nono kama ufizi wa mtoto, vipande kwa vipande vilivyomenyeka kutoka kingo za ndani za sampu miaka mitano iliyopita na kuja kukusanyika mlangoni. Eldoret nzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kupaka silikoni ya rangi ile. Johnstone alilala pale akiitazama, oili ikimdondokea shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye ndiye aliyeliziba koo gari lile, na liliposema kwamba haliwezi kupumua, yeye ndiye aliyelikata ulimi.

"Umeona nini?" Mzee akauliza kutoka kitini.

"Uchafu tu, Mzee."

Akautia uchafu ule mfukoni.

Alifanya kazi siku mbili, na ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alibadilisha beringi zilizoumia, akasugua kichujio mpaka kikang'aa, akafunga sampu kwa silikoni ya kijivu, nyembamba kama uzi. Sindano ya geji ikapanda hamsini na kukaa hapo hata alipokanyaga mafuta mpaka majirani wakalalamika. Mwisho akajikunja chini ya dashibodi. Ncha mbili za waya zilikuwa pale pale alipoziacha. Akaziunganisha, akazifunga utepe, na hakuna aliyemwona.

Basi gari likawa zima, zima la kweli, na hakuna aliyehitaji kujua lolote. Johnstone alisimama chini ya cheti chake, kipande cha silikoni mfukoni, akajishawishi kwamba ukweli ukishatengenezwa si lazima utangazwe. Karibu ajiamini.

Jioni ya siku ya pili Mzee Kigen alikuja kuchukua gari, na akawa amewaita Githinji na Njambi walione kwa macho yao. Githinji akalizunguka akisifu. Njambi, mwanamke mwembamba anayeuza leso sokoni na asiyependa maneno mengi, alisimama mbele ya boneti, mikono kifuani.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa kabisa, shemeji."

"Sawa kama siku ile?"

Johnstone akafungua mdomo kujibu. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, lenye Mungu ndani yake. Lakini Njambi alikuwa akimtazama kama mtu anayeuliza kama daraja litabeba watoto wake. Johnstone akaliacha jibu lile. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande chekundu, akakiweka juu ya boneti.

"Hii ndio nilitoa ndani," akasema. "Ni yangu. Nilipaka nyingi sana, ikaziba oili. Mzee, hiyo siku nilikuja Ziwa sikuona shida iko wapi. Nikakata waya ya taa, nikakudanganya imepona. Gari tuliwabebea ilikuwa inakufa, na nilijua, na nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Na ule ubishi haukuwa ujanja. Sikuwa navuta mtu. Yule kijana aliniambia nimefunga vibaya, nikakasirika. Nilikuwa nimesahau kuna watu nyuma."

Mzee Kigen akarudi kwenye kile kiti kibovu, akaketi polepole. Githinji akakiokota kipande, akakigeuza geuza, akakirudisha.

"Kwa hivyo yule kijana alikuwa anasema ukweli," Mzee akasema hatimaye.

"Yote, Mzee. Hata ile ya kubadilisha fundi."

Sauti iliyofuata Johnstone hakuielewa mara moja, kwa masikio yake yale. Njambi alikuwa anacheka. Alicheka akiwa ameshika boneti, mabega yakitikisika.

"Krismasi hiyo mama yako alikuja kutoka Ugunja, nikamuuzia leso mbili," akasema akijifuta macho. "Akabishana na mimi bei karibu saa nzima. Wiki moja baadaye niko chini ya majani, naskia unaapa kwa kaburi lake! Nikajua vitu mbili hapo hapo. Gari ni mbovu, na fundi ni mwongo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na Wanja, msichana wetu, nilimfunga mdomo kwa mkono. Githinji mpaka leo anafikiria mtoto alikuwa analia." Akamgeukia mumewe. "Alikuwa anacheka, Baba Wanja. Alikuwa anaskia Fundi akisema taa za Ufaransa, anacheka."

Githinji akavua miwani, akaishika tu.

"Sasa mbona ukaniacha?" Johnstone akauliza. "Miaka hii yote, kanisani, mbele ya watu, nikijipiga kifua?"

Njambi akaacha kucheka. "Ningefanya nini? Kwa hiyo wiki yote, watoto wangu wako na kitu moja tu wanaweza kuambia mtu wakicheka. Kule kwa hema Wanja alikuwa anakuigiza kila jioni, watoto wa hema zingine wanakuja kuona. Ningekunyang'anya hiyo, ningewaachia nini?"

Aibu ilimshika Johnstone, aibu ya kweli. Akageuka kuelekea ukutani kama mtu anayetafuta spana, akalia, na kila mtu akamwacha atafute hiyo spana mpaka aipate.

"Haya, ingia," Njambi akamwambia alipogeuka. "Washa ufunguo peke yake. Usistati."

Yalikuwa maneno yale yale ya kijana wa kofia, na aliyasikia akiwa amelala chini ya napia. Johnstone akaingia, akageuza ufunguo hatua moja. Njambi akaingiza kichwa dirishani. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu iliwaka.

"Stati."

Injini ikashika, taa ikazimika.

"Tena."

Alimfanyisha mara tatu. Mara ya tatu akanyoosha mgongo, akamwambia mumewe, "Nyeri hatuendi."

Siku ya kura Mzee Kigen aliegesha Pijo mbele ya lango lao, tangi limejaa, na gari likakaa hapo hadi matokeo yakatangazwa. Mji ulikuwa kimya. Aliyelihitaji ni kuku wa jirani tu, aliyetaga mayai mawili kwenye majani ya napia ambayo Mzee aliyaweka nyuma. Katika siku hizo Johnstone alimpigia mama yake simu Ugunja kumwomba msamaha kwa kumzika barabara ya Ziwa akiwa hai. Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama watu walikuja wengi.

Jumapili iliyofuata aliitwa kwa Githinji kula mchana pamoja na Emmaculate na Mzee Kigen. Alianza kusimulia hadithi yake, ile mpya, yenye silikoni, na alikuwa amefika kwenye magogo Wanja alipomkatiza. Alikuwa na miaka kumi na minne sasa.

"Hapana, Fundi, hukusema hivyo," akasema. Akasimama, akatoa kifua, akanyoosha kidole juu na kuapa kwa kaburi la bibi wa Ugunja kwa sauti iliyomfanya Emmaculate aweke sahani chini asije akaimwaga. Githinji alicheka akiegemea meza. Johnstone ndiye aliyecheka kuwashinda wote, akainuka kwenda mlangoni kuvuta hewa. Nyuma ya mlango palikuwa na mfuko mkubwa wa safari, ule ambao Njambi alikuwa ameufunga tangu Januari kwa safari ya Nyeri. Ulikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na viazi.